Saa Moja na Dakika Kumi

Mgonjwa wa kwanza kuangukia kundi la kulala kifudifudi katika utafiti wetu alikuwa mzee mwenye nimonia ya Uviko, na zamu ya usiku ule wa mwaka 2020 ilikuwa yangu. Alikuwa akipewa oksijeni ya kasi kubwa, lita 50 kwa dakika, iliyopashwa joto na kutiwa unyevu, kwa mrija mnene wa puani. Lakini alikuwa macho kabisa, akijibu kila swali kwa maneno machache yaliyokatwakatwa na pumzi.

Kwa wagonjwa mahututi waliolazwa usingizi na kuunganishwa na mashine ya kupumulia, faida ya mlalo huo ilikuwa imekwisha kuonekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2013, ambamo waligeuzwa kwa saa zisizopungua 16 mfululizo. Sehemu kubwa ya mapafu iko upande wa mgongoni, na mtu akilala chali moyo na tumbo huilemea. Akigeuzwa, sehemu hiyo hufunguka ikapokea hewa, huku damu ikiendelea kupita humo kwa wingi. Sisi tulitaka kujua kama mgonjwa aliye macho naye angefaidika, ili asifikie kuingizwa mrija kooni. Nilidhani ni swali lile lile. Sikuwa nimefikiri kwamba aliyelazwa usingizi hugeuzwa na wauguzi, ilhali huyu angejigeuza na kuvumilia mwenyewe, akihisi kila kitu.

Nilimweleza kwamba angeweza kukataa bila matibabu yake mengine kupunguzwa. Alisikiliza hadi mwisho, akatia sahihi. Tukampanga: mto mmoja kifuani, mwingine nyongani, uso umegeukia dirishani, mkono wa kulia umeinuliwa karibu na kichwa. Haukupita muda mrefu kiwango cha oksijeni katika damu kikapanda kutoka asilimia 89 hadi 95, na furaha ikanijaa hata nikaikodolea macho skrini na kumsahau aliyelala chini yake.

“Sista, bega,” alisema.

“Vumilia kidogo, baba, tunaendelea vizuri.”

Nilimjibu hivyo mara tatu. Mara ya nne hakusema neno. Aliushika ukingo wa kitanda, na nilipoinama nikaona mrija umemchora mstari mwekundu shavuni, na foronya imelowa. Nikamsaidia kugeuka.

Alikuwa amelala hivyo kwa muda wa saa 1 na dakika 10. Nilipoishika kalamu nilivutwa kuandika saa 2, kwa kuhesabu na muda wa kupanga mito, kwa maana sote tulitamani saa ziwe nyingi. Niliandika 1:10, na penye sababu ya kuacha nikaandika kuwa ni maumivu ya bega, na kwamba mgonjwa alilalamika mara tatu bila kusaidiwa. Kisha nikarudi kitandani kumwomba radhi.

“Kulala sikukataa, mwanangu,” alisema. “Nilitaka mkono ushushwe tu.”

Kabla ya mapambazuko aliomba mwenyewe kujaribu tena. Safari hii tuliubadilisha mkono kila nusu saa, mmoja juu na mwingine kando ya mwili, na akakaa saa 3 na dakika 20.

Mwaka 2021 yalichapishwa matokeo ya pamoja ya majaribio ya nchi sita, yenye wagonjwa zaidi ya 1,100: waliolala kifudifudi walihitaji mrija wa kooni kwa uchache zaidi, ingawa tofauti ya vifo haikuwa ya kutosha kuthibitisha lolote. Waliokaa muda mrefu ndio waliofanya vizuri zaidi. Inawezekana kwamba wenye nafuu ndio huweza kukaa. Hata hivyo, kila nikisoma jedwali la saa hizo hujiuliza ni mabega mangapi yaliyokatisha muda.

Wakati wa kukabidhi zamu nilisoma niliyoyaandika: mkono ubadilishwe kila dakika 30, na mgonjwa aulizwe kuhusu bega. Mwenzangu aliupekua mwongozo wa utafiti, akaniuliza maelekezo hayo yako ukurasa gani. Nikamwambia hayamo, na kwamba nabaki kumsubiri daktari mkuu wa utafiti ili niombe yaingizwe.