Tuliomba Uwanja Usawazishwe, Nao Ukasawazishwa

Watu watatu walinishauri kuhusu kiwanja chetu, na wote watatu walinipotosha. Wa kwanza alisema tumngoje mheshimiwa wakati wa kampeni. Wa pili alisema tuingie KICOSCA, eti huko ndiko pesa ya michezo ya kaunti iliko. Wa tatu, aliyejifanya mjuzi kuliko wenzake, alinituma wizarani. Mimi ni katibu wa timu ya mtaa huku Eastlands, Nairobi, na kwa kuwa katibu hana mshahara wala akili ya ziada, niliwasikiliza wote kwa zamu. Ilituchukua karibu miaka miwili kurudi pale tulipoanzia.

KICOSCA naimaliza upesi. Hiyo ni michezo ya wafanyakazi wa serikali za kaunti. Askari wa kanjo anacheza, karani anacheza, wewe wa mtaani unashangilia. Iliyo ya vijana ni KYISA, ambako kaunti hupeleka timu zake, na hata huko wanaochaguliwa ni wachezaji, si klabu yako. Ukiwa na kijana wa kasi, mpeleke akajaribiwe. Kiwanja hakitapatikana huko.

Kampeni ilituletea jezi 18, zote za saizi moja, zenye uso wa mgombea kifuani. Winga wetu wa kushoto alikuwa kama amevaa kanzu. Zilipauka baada ya kufuliwa mara nne, na uso ukatangulia kupauka.

Wizarani nako hawakunikosea, mimi ndiye niliyepotea njia. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limegawa kazi hii waziwazi: serikali ya kitaifa inakuza michezo na elimu ya michezo, kaunti inashughulikia shughuli za michezo na viwanja vyake. Ndiyo maana Nyayo na Kasarani viko chini ya Sports Kenya, shirika la serikali ya kitaifa, ilhali City Stadium pale Jogoo Road, unaoitwa Joe Kadenge tangu 2019, ni mali ya kaunti. Kiwanja cha vumbi nyuma ya soko lenu kiko kundi moja na City Stadium, hata kama hakifanani nao. Nairobi ina kaunti ndogo 17 na wadi 85, na barua yako inaanzia wadi, kwa msimamizi wa wadi, nakala kwa afisa wa michezo wa kaunti ndogo na kwa mwakilishi wadi. Gongesha muhuri wa kupokelewa kwenye nakala yako papo hapo, kabla hujanywa hata maji.

Usajili ulinisumbua kwa sababu moja tu. Tulikuwa na cheti cha kikundi cha kijamii, kile kinachotolewa chini ya sheria ya vikundi ya 2022 kwa watu wasiopungua 10, nasi tukajiona tumefika. Cheti hicho kinakusaidia kufungua akaunti benki. Hakikufanyi klabu ya michezo. Klabu husajiliwa na Msajili wa Michezo chini ya Sheria ya Michezo ya 2013, na lazima uwe na katiba. Yetu ilirudi kwa sababu haikusema uchaguzi ni baada ya muda gani wala mgogoro unatatuliwaje. Nilikuwa nimeinakili kutoka kwa chama cha mazishi, na kifungu cha jeneza kilikuwa bado kimo. Nauli, kopi na picha za pasipoti zilikula kama elfu tatu hivi, labda nne.

Sasa tuje kwenye tarehe, maana hapa ndipo timu nyingi za mtaa huzama bila kujua. Tulipeleka ombi letu la kwanza mwezi wa Mei. Tukapokelewa vizuri, tukapewa viti, tukaambiwa wazo ni zuri. Hakuna kilichotokea, wala kisingeweza kutokea. Kwa Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012, mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti unafikishwa kwenye bunge la kaunti kufikia tarehe 1 Septemba, waraka wa mikakati ya fedha kufikia 28 Februari, na makadirio ya bajeti kufikia 30 Aprili. Mwaka mpya wa fedha unaanza 1 Julai. Mei wewe unabisha mlango wa nyumba ambayo chakula kimeshapakuliwa na watu wameketi. Ombi la kiwanja liwe mezani Julai au Agosti, ili liingie katika mpango wa mwaka unaofuata. Kisha Februari na Aprili mwende kwenye vikao vya maoni ya umma kuangalia kama bado limo. Mstari mmoja wa bajeti hufutika kirahisi kuliko chokaa ya goli.

Kwenye vikao hivyo kila mtu husema "vijana wanaharibika na dawa za kulevya". Kweli, lakini wa barabara ana kilio, wa soko ana kilio, wa zahanati ana kilio kikubwa kuliko chenu. Sisi tulikwenda na daftari. Kwa wiki nne, kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi giza, kulikuwa na mtu amekaa kando ya kiwanja akiandika nani ametumia, wangapi, saa ngapi. Tuliwapanga wachezaji majeruhi, ambao hawakuwa na kazi nyingine ila kulalamika. Tukaona tusilolijua wenyewe: timu yetu, iliyokuwa ikijiita mwenye kiwanja, ilikitumia muda mfupi kuliko shule mbili za jirani zikiunganishwa na wasichana wa netiboli. Kwa hiyo tukaibadilisha barua. Badala ya timu moja kuomba, wakatia sahihi mwalimu wa michezo wa kila shule, kocha wa netiboli na mwenyekiti wa kanisa linalosalia hapo Jumapili. Nambari ya kipande cha ardhi tuliiambatisha pia, baada ya kuipata kwenye ramani ya mtaa. Usiruke hatua hiyo. Kiwanja kisichoonekana kwenye ramani kama ardhi ya umma hakiwekewi pesa, na siku moja utaamka ukute uzio wa mabati.

Ombi likakubaliwa. Tuliandika maneno haya, nayakumbuka kwa uchungu: "tunaomba uwanja wetu usawazishwe." Katikati ya Machi greda likaja. Dereva alikuwa fundi hasa. Kufikia saa tisa kiwanja kilikuwa tambarare kama meza ya biliadi, nyasi zote zimekwanguliwa, vichuguu vimekwisha, sisi tunapiga picha.

Mvua ndefu zikaanza wiki iliyofuata.

Ardhi ya upande wetu wa Nairobi ni ule udongo mweusi unaonata. Ukikauka unapasuka nyufa za kuingiza mkono, ukilowa unavimba na kujifunga, tone halipiti. Maji yakishindwa kuzama sharti yatiririke, na juu ya meza hayatiririki. Vile vishimo na vilima tulivyovilaani miaka yote ndivyo vilivyokuwa vikiyapeleka kando, na zile nyasi chakavu ndizo zilizokuwa zikishika udongo. Tuliviondoa vyote kwa siku moja, kwa barua na muhuri. Maji yalikaa wiki tatu. Bata wa jirani walihamia, na wapinzani wetu mpaka leo wakitushangilia hutoa sauti ya bata. Dereva hakukosea hata sentimita. Tuliomba kusawazishiwa, tukasawazishiwa.

Barua ya pili nilikaa nayo mwezi mzima. Kiwanja chetu ni mita 100 kwa 64. Kinachotakiwa ni mgongo katikati, unaoteremka kwenda kando zote mbili kwa asilimia 1. Kutoka mstari wa katikati wa urefu hadi kando ni mita 32, kwa hiyo mgongo uwe juu ya kingo kwa sentimita 32. Ukitaka kuupata kwa kumwaga udongo mpya utahitaji zaidi ya mita za ujazo 1,000, yaani kama malori 100 ya magurudumu kumi, na hakuna wadi itakayokupa. Ila kuna njia ya maskini: unachonga kingo kwa sentimita 16 na kuusukuma udongo huohuo katikati ili papande kwa sentimita 16. Unachosogeza ni kama mita za ujazo 256 tu, kazi ya greda kwa siku moja na nusu, na hakuna lori hata moja. Tukaandika hivyo, na mchoro. Tukaongeza malori 14 ya maramu, ule udongo wa changarawe wa barabara, si 10 wala 20, kwa hesabu hii: eneo la penalti ni mita 40.3 kwa 16.5, maramu ya unene wa sentimita 10 hapo ni kama mita za ujazo 67, magoli mawili ni 133. Lori 14 ni 140 hivi. Mbele ya goli ndipo kiwanja hufa kwanza, kwa hiyo maramu iende huko, usiitawanye kote ikawa vumbi la mapambo. Ukishindilia, zile sentimita 10 zitashuka kuwa 8 hivi, hilo lisikushtue.

Tukaomba pia kazi ifanyike Januari au Februari. Maramu ikimwagwa juu ya udongo mweusi uliolowa inamezwa yote, mwezi ujao utaapa haikuletwa.

Greda lilipokuja mara ya pili, dereva alikuwa yuleyule. Nikamwonyesha mchoro, akautazama kama mtu anavyotazama mtihani wa mtoto wa jirani.

"Kijana, mimi nimechonga barabara miaka ishirini."

"Mzee, basi tuchongee barabara. Pana, ya mita 64."

Akacheka, akapanda. Hesabu zangu zote za asilimia hazikufanya kazi iliyofanywa na neno hilo moja, kwa sababu barabara nayo ina mgongo na mkono wake unaujua. Ilibidi tu kumzuia asizidishe. Mgongo wa barabara ni mkali mara mbili ya tuliohitaji au zaidi, na mpira ungekuwa unatoka nje wenyewe bila kupigwa. Tulimpima kwa mpira wa maji unaoonyesha ndani, wa mita 35, ule wa mafundi wa nyumba: ncha moja kwenye kigingi cha katikati, nyingine kando, soma tofauti. Tulipima sehemu sita, kila baada ya mita 20. Kuwa mwangalifu na mapovu ndani ya mpira. Povu moja lilitudanganya kwa sentimita 9 na nusura tumrudishe mzee kuchonga upya palipokuwa sawa. Chai, chapati na nyama ya siku mbili, ya dereva na utingo wake, zilitoka mfukoni mwetu.

Mitaro ya kando tulichimba wenyewe kwa jembe na sururu, kina sentimita 40, ikateremka hadi mfereji wa barabara. Hapa tuliazima wazo la MYSA, chama cha michezo cha vijana wa Mathare kilichoanza 1987, ambako timu ikisafisha mtaa hupata pointi za ligi. Kwenye ligi yetu ya mtaa timu isiyokuja kuzibua mtaro hukatwa pointi. Tumeshuhudia bingwa mtarajiwa akipoteza kombe kwa sababu ya chupa za plastiki.

Magoli tulijitengenezea, kwa kuwa ya zamani yalikatwa usiku yakaenda kwa wanunuzi wa chuma chakavu. Mabomba ya inchi tatu huuzwa ya mita 6. Moja linakatwa mara mbili, mita 3 na mita 3, nawe una nguzo mbili za goli moja: mita 2.44 juu ya ardhi, sentimita 56 ndani ya zege. Mwamba wa juu unahitaji upana wa mita 7.32 pamoja na unene wa nguzo mbili, jumla mita 7.5, kwa hiyo unaunga mita 6 na 1.5. Ndani ya kiungo ingiza kipande cha bomba la inchi mbili na nusu cha kama sentimita 60, ndipo uchomelee. Fundi wa kwanza aliunga bila kipande hicho, na mwamba ukapinda kama upinde mtoto wa pili aliponing'inia. Kwa magoli mawili nunua mabomba matano, nusu ya la tano itabaki. Kabla ya kusimamisha mwamba, tulijaza nguzo zege hadi kimo cha mita moja. Mwenye msumeno anaweza kuja bado, ila ana usiku mrefu.

Kupata pembe za kiwanja, tumia kamba ya mita 3, 4 na 5, halafu hakiki kwa kupima kutoka kona hadi kona: kwa 100 kwa 64 ni mita 118.7 pande zote mbili. Zikitofautiana, refa hataona, lakini mabeki wa pembeni wataanza kulalamika bila kujua kwa nini. Chokaa ya ujenzi inachoma ngozi na macho ikichanganyika na jasho, kipa wetu anayo alama gotini.

Ombi la mwaka ujao lilipokelewa Julai, muhuri upo, nakala iko kwenye bahasha ya plastiki chini ya godoro langu. Tunaomba roli la kushindilia kwa siku moja, Januari, pamoja na lori moja la maji. Nimeandika uzito wa roli, idadi ya mara litakazopita, na upande litakaoanzia.