Nilivyoliondoa tangi la dizeli uani

Alhamdulillahi, limeondoka! Lilikuwa la jenereta, tangu Unguja ilipokaa gizani miezi mitatu, Disemba 2009 hadi Machi 2010. Lilianza kuvuja karibu na kisima, nikakosa usingizi. Wanunuzi wa vyuma chakavu walilikataa kwa sababu lina mafuta. Koki ya chini ikatoa maji na tope la kutu tu.

Kumbe maji hukaa chini, dizeli huelea. Nililiacha litulie siku mbili, nikauteremsha mpira kutoka juu, nimeufunga kwenye fimbo ili mdomo wake ubaki shibiri moja kutoka chini. Shibiri hiyo ndiyo iliyoniokoa: dizeli ilitoka bila tope, fundi wa zege akaichukua azipake mbao zake za kumwagia zege, lisigande nazo. Tope nililipeleka kwa dumu gereji wanakokusanya oili chafu. Msilikate tangi kwa grenda, mvuke wa mafuta ndani yake unaweza kulipuka. Langu lilioshwa kwa sabuni mara tatu, likabebwa zima.