Nilivyojifunza kunukia tamu bila kuwaumiza watu kichwa

Mimi harufu tamu ni ugonjwa wangu tangu sekondari. Vanila, karameli, stroberi, maziwa, yani chochote kinachonukia kama duka la keki mi nipo. Na miaka yote hiyo nilijua najua kunukia, mpaka siku moja tuko kwenye kikao ofisini, watu nane, AC inapuliza na madirisha yote yamefungwa, dada mmoja alokuwa na mimba changa akainuka ghafla kashika mdomo huyo mbio chooni. Wote tukasema mimba hiyo. Mchana akanikuta nachemsha chai akaniambia taratibu, "Mdogo wangu, usinichukulie vibaya, ila pafyumu yako ya leo imenishinda." Angenigombeza ningejitetea, ila alivyoniita mdogo wangu kwa ule upole ndo ikaniingia zaidi.

Nikaanza kuhesabu. Asubuhi shingoni mara mbili, mikono yote miwili, kifuani, nywele, gauni mbele na nyuma, halafu moja hewani nikapita katikati yake kama nilivyoona kwenye video fulani. Tisa hizo. Na chini yake nishapaka losheni ya vanila na bodi splashi ya vanila. Nikapanda mwendokasi Kimara na ule msongamano wa asubuhi (sitaki hata kufikiria nilowasimamia puani siku hiyo), nimefika kazini nikaona mbona sijisikii nanukia, nikaongeza tatu.

Hapo kwenye "sijisikii" ndo palikuwa na kosa langu lote. Pua ikikaa na harufu moja inaizoea inaacha kukuletea taarifa, ndo maana wanaokaa karibu na soko la samaki wala hawasikii shombo wakati wewe mgeni umeshaziba pua. Kwahiyo mtu unapojiona harufu imeisha, jirani yako bado anaipata yote. Siku hizi nikiwa na wasiwasi naulizia kwa mwingine, siongezi.

Jambo la pili ilikuwa ununuzi. Nilikuwa naingia Kariakoo, kaka muuzaji ananinyunyizia kwenye vikaratasi vitano sita, kichwa kinazunguka, ile iliyonivutia kwa dakika ya kwanza natoa hela. Ile harufu ya mwanzo ambayo mara nyingi ni machungwa, mapea na vitu vyepesi hivyo haivuki hata nusu saa, inapeperuka na spiriti. Utakayokaa nayo siku nzima ni ile ya chini, vanila, miski, msandali, na dukani kwa haraka zile huwezi kuipata. Unalipia harufu moja unaenda nyumbani na nyingine.

Safari hii nikabadili. Nikapuliza mbili tu, moja kila mkono, kwenye ngozi sio karatasi, nikamwambia "kaka angu nitarudi", akanitazama kama anavyowatazama wale wanaosema watarudi. Nikazunguka Mtaa wa Kongo na lile jua la saa saba, nikanunua mambo yangu, nikapanda gari. Baada ya masaa matatu hivi mkono wa kushoto, ambao dukani ulikuwa unanukia mapea matamu ya kupendeza, umebaki sukari iliyoungua kwenye sufuria, nzito, inanata, mpaka nikahisi kama nimemwagikiwa soda. Wa kulia matunda yamekwisha ila kimebaki kitu cha maziwa maziwa na vanila laini, lazima uulete mkono karibu ndo ukipate. Huo wa kulia ilikuwa Yara, pafyumu ya kampuni ya Lattafa, ile chupa ya pinki ambayo nilikuwa naidharau kwa sababu kila mtu anayo. Siku ya tatu nikarudi nikanunua, kaka mwenyewe alishangaa.

Nikagundua pia kwamba utamu wenyewe sio tatizo, tatizo ni utamu usio na kitu cha kuukata. Ni kama juisi ya miwa bila ndimu wala tangawizi, glasi ya kwanza sawa ya pili inakukinaisha. Hata Angel, pafyumu ya kampuni ya Mugler, iliyotoka 1992 na kuanzisha kabisa huu mtindo wa pafyumu za kunukia kama chakula kitamu, ndani ya ile karameli na chokoleti waliweka pachuli nyingi, ile harufu ya majani inayonukia kama udongo, ya kuuvunja utamu, japo nayo si ya kupanda nayo daladala kwa kweli. Sa hivi nikisoma boksi naangalia kama pamoja na vanila kuna chungwa, chai, tangawizi, msandali au maua. Nikikuta ni karameli juu, praline (karanga za sukari) katikati, vanila chini, narudisha shelfuni.

Na zile herufi kwenye chupa usizipuuze. EDT (eau de toilette, ile nyepesi) kwa kawaida ina mafuta ya harufu kama asilimia 5 hadi 15, EDP (eau de parfum) inaenda 15 hadi 20, na ile iliyoandikwa extrait, yani nzito kuliko zote, inapita hapo. Kwa hiyo mipulizo minne ya EDT nyepesi sio sawa na minne ya extrait, mimi nilikuwa navipuliza vyote sawasawa kama maji.

Kuvaa sasa. Natoka kuoga, napaka mafuta yasiyo na harufu maana ngozi kavu inaimeza pafyumu haraka halafu unashawishika kuongeza. Napuliza mbili, moja tumboni chini ya blauzi, moja nyuma ya magoti, siku ya baridi naongeza ya tatu kisogoni. Tumboni watu wananicheka lakini nguo inaichuja, inatoka kidogo kidogo unavyotembea, wakati ya shingoni inampiga mtu moja kwa moja usoni. Na joto linaikuza harufu, hivyo Januari na Februari Dar hapa kipimo cha Julai hakifai kabisa. Jioni ya harusi najiachia, nafukiza hata udi kwenye nguo, ila nikishafukiza udi sipulizi kitu kingine kitamu juu yake, nilijaribu mara moja nikanukia kama kuna halua imeungulia msibani.

Haya mengine nilikuja kuona shangazi yangu wa Tanga alikuwa anayajua kabla yangu. Yeye hana chupa hata moja, ana kikuba chake, asumini na mkilua na majani ya rehani vimefungwa pamoja, anakichomeka kifuani ndani ya kanga. Ukiwa unaongea naye sebuleni husikii kitu. Akikukumbatia ndo inakujia, tamu, mbichi, mpaka unataka usimwachie. Nilipomsimulia ile ya kikao alicheka mpaka akajifuta machozi, akaniuliza, "We mtoto, ukishanukia mtaa mzima, huyo mumeo unambakishia nini?"

Nimeanza kununua na zile za mafuta za kupima, chupa ndogo ya rola ya ml 3, hizi hazina spiriti kwa hiyo hazirushi harufu mbali, zinakaa karibu na mwili. Nikiipenda namaliza, nisipoipenda sijafilisika. Ila ukipaka usisuguesugue kitambaa cheupe, mafuta yana doa, nina blauzi moja ushahidi.

Ile chupa ya kikao sikuitupa, ilikuwa ml 100 na imebaki robo tatu, roho iliniuma. Nikampa mdogo wangu yuko chuo, nikamwambia kabisa mbili tu, tumboni, akaitikia "sawa dada" kama wanavyoitikia. Juzi kanipigia anasema wenzake wa rumu wamepiga kura, pafyumu iwe inapulizwa koridoni.