Land Rover Series III iliyokuwa ikizima ukikanyaga mafuta: jinsi nilivyotatua

Injini ya petroli ya lita 2.25 ilikuwa inawaka vizuri na kutulia gari likiwa limesimama. Ukikanyaga mafuta, inamisi (inakosa mwako), inalipua kwenye ekzosi, kisha inazima. Kupanda mwinuko wa Likoni, Mombasa, baada ya kushuka feri haikuwezekana.

Kabureta ilisafishwa, plagi, koili na kondensa zikabadilishwa, mwanya wa pointi (swichi ndogo ya ndani ya distribyuta inayokata na kuunga umeme wa koili) ukawekwa 0.38 mm. Wapi!

Kilichofichua tatizo ni kuchomoa kijipira cha vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) kinachotoka kabureta kwenda distribyuta (kifaa kinachogawa umeme kwa plagi) na kuziba mdomo wa upande wa kabureta. Injini ikapokea mafuta bila kusita.

Sababu ni hii: ukikanyaga, vakyumu huvuta bamba linalobeba pointi, nalo hugeuka kidogo na kuukunja waya mdogo unaoingia ubavuni mwa distribyuta. Plastiki ya waya huo ilikuwa nzima kabisa, lakini ndani nyuzi za shaba zilikatika na kuota ukijani. Hewa yetu ya chumvi haisamehe shaba. Ukiupima umetulia, mita inasoma sawa, kwa hiyo pima huku ukigeuza bamba kwa kidole. Namba zikirukaruka, umeupata.

Ondoa terminali ya betri kwanza. Weka waya laini wenye nyuzi nyingi nyembamba, si waya mgumu wa nyumba. Uache ulegee kidogo, usiguse kamu (shafti inayozunguka na kufungua pointi) wala chuma cha distribyuta. Waya ule mfupi wa athi (ethi), kati ya bamba na bodi ya distribyuta, ubadilishe hapo hapo. Seti pointi upya, kisha rudisha kijipira.