Sketi ndefu, pudini ya kitambaa na sindano ya kroshia: nilivyoingiza enzi za Malkia Victoria nyumbani kwangu

Watu wakisikia kwamba ninapenda mavazi, mapishi na kazi za mikono za Uingereza ya enzi za Malkia Victoria, aliyetawala tangu 1837 hadi 1901, hudhani kwamba ninazungumzia magauni ya hariri yasiyopita mlangoni, vijakazi jikoni na fedha za kuchezea. Mimi ni mzaliwa wa Tanga, niliolewa nikahamia Bradford, kaskazini mwa Uingereza, ninafanya kazi ya kutwa, na nyumba yetu ni mojawapo ya zile nyumba za mawe zilizoungana ukuta kwa ukuta ambazo zilijengwa kwa ajili ya wafanyakazi wa viwanda vya sufu. Kilichoniwezesha ni uamuzi mmoja nilioufanya mapema: niliachana kabisa na malkia na mabibi wakubwa, nikamfuata mwanamke wa kawaida wa miaka ya 1890, mwalimu wa shule au mke wa fundi, ambaye nguo alijishonea, chakula alijipikia na jioni alikaa na ufumaji wake.

Mji wenyewe ulinisaidia. Katika karne ya 19 Bradford ilikuwa mji mkuu wa biashara ya vitambaa vya sufu, na kilomita chache kutoka katikati ya mji kipo kijiji cha Saltaire, ambako tajiri Titus Salt alifungua kiwanda chake mwaka 1853 akasuka vitambaa vya kung'aa kutokana na manyoya ya alpaka, mnyama wa Amerika ya Kusini. Makumbusho ya Viwanda ya mji huu yamo ndani ya kiwanda cha zamani cha kusokota sufu, na humo mtu anaweza kuziona mashine zenyewe na vyumba vya wafanyakazi vilivyopangwa kama vilivyokuwa. Nilikwenda huko kabla ya kununua hata sindano. Nashauri kila anayetaka kuanza aangalie kwanza vitu halisi, kwa sababu filamu nyingi huvalisha watu mavazi ambayo mwanamke wa wakati ule asingethubutu kutoka nayo nje.

Kuhusu mavazi, jambo la kuelewa ni kwamba miaka zaidi ya 60 ya utawala mmoja haikuwa na umbo moja la nguo. Fremu ya duara za chuma, ile krinolini, ilipata hataza mwaka 1856 na ikatamba kwa takriban muongo mmoja; katika miaka ya 1870 na 1880 ukubwa wa sketi ulihamia nyuma, ukaegemea mto au fremu ndogo iliyofungwa kiunoni; kufikia 1895 fremu zote zilikuwa zimetupwa, na umbo la sketi likabaki kutegemea ukataji wa kitambaa tu. Nilichagua mwaka huo kwa sababu ya wazi: sketi ya 1895 inapanda basi. Koseti ya mifupa, ile nguo ya ndani ya kubana kiwiliwili, nayo sikuishona. Badala yake nilijitengenezea kizibao cha ndani cha pamba chenye mistari ya kamba nyembamba zilizoshonewa katikati ya matabaka mawili, kitu ambacho wanawake wa karne ile pia walikijua, na ambacho hushikilia kiwiliwili bila kumzuia mtu kuinama na kuokota kijiko.

Nilianza na nguo za ndani, kwa kuwa sketi ikivaliwa juu ya sketi ya ndani iliyo nyembamba hulala kama pazia lililolowa. Nilipohakikisha sketi ya ndani ina marinda ya kutosha ukingoni, ndipo nikaingia kwenye sketi yenyewe, na hapo ndipo utamu wa kazi ulipo. Nilinunua paterni ya karatasi iliyonakiliwa kutoka ya zamani, nikakata kwanza sampuli ya marikani ya bei rahisi, nikaivaa, nikairekebisha kiunoni, na baada ya hapo ndipo mkasi ulipogusa sufu. Sketi ina mapande saba, membamba juu na mapana chini, na upana wake wote ukingoni unafika karibu mita 4. Siri ya sketi hizi ni kwamba ukingo ulionyooka wa kila pande huunganishwa na ukingo wa mshazari wa pande linalolifuata, ili ule ulionyooka uushike ule wa mshazari usivutike. Bitana ya pamba hukatwa sawasawa na sufu, kisha vyote viwili vikashikizwa kwa mkono na kushonwa kama kitambaa kimoja. Ukimaliza kuunganisha, unaitundika sketi usiku kucha kabla ya kupima upindo, kwa sababu sehemu za mshazari hushuka zenyewe kwa uzito wake, na anayekata upindo siku hiyohiyo atavaa sketi iliyopinda.

Upindo nao una elimu yake. Ndani yake niliweka utepe wa turubai ya pamba wenye upana wa takriban sentimita 15, ili ukingo usimame na usijiviringe miguuni, halafu chini kabisa nikashonea mkanda mgumu wa sufu uliochomoza milimita chache tu kupita kitambaa. Mkanda huo ndio unaogusa barabara ya mawe, ndio unaochakaa, na ndio unaobadilishwa, huku sketi ikibaki nzima kwa miaka mingi. Mfuko niliuficha katika mshono wa nyuma, chini ya marinda, na ni mkubwa kiasi cha kumeza simu, funguo na pochi bila kuonekana. Sijapata kuona mfuko wa maana kama huo katika nguo za dukani.

Kazi yote niliifanya kwa cherehani ya mkono ya Singer iliyotoka kiwanda cha Clydebank, Scotland, ambayo niliipata katika duka la vitu vilivyotumika kwa bei ndogo kuliko ya pasi mpya ya umeme. Umri wa cherehani hizi hujulikana kwa namba iliyopigwa mwilini mwake, na yangu ni changa kidogo kuliko enzi ninazozifuata, lakini mshono wake hautofautiani. Mtu aliyelelewa karibu na fundi cherehani hana cha kujifunza hapo: kutia uzi, kujaza kibobini na kudondoshea mafuta ni yaleyale niliyoyaona utotoni barazani kwetu.

Blauzi ilinipa furaha ya namna nyingine. Mtindo wa 1895 una kola ndefu inayofunika shingo, mikono mirefu iliyojaa hewa mabegani na kubana kuanzia kiwikoni, na kifua kilichofunikwa vizuri, hivyo kwa mwanamke wa Kiislamu kama mimi stara ilikuwa tayari imo ndani ya mshono. Kofia pana za majani makavu niliziacha, nikavaa hijabu ya rangi moja na blauzi, na mpaka leo sijaona kilichopungua. Mama yangu nilipompigia simu ya video nikiwa nimevaa, baada ya shikamoo na marahaba alininyamazia kidogo, kisha akauliza, “Mwanangu, umejiunga na masista?” Nilipogeuka akaona marinda ya nyuma, akataka nimtumie kipimo.

Kola haisimami bila stachi. Niliipika kwa wanga wa muhogo, unaouzwa katika maduka ya Kiasia hapa mtaani, kwa namna ileile ya uji mwepesi: unga unakorogwa na maji baridi kwanza, kisha maji ya moto yanamiminwa huku ukikoroga mpaka ugeuke kutoka mweupe ukawa kama kioo. Kola inatumbukizwa, inakamuliwa, inakunjwa ndani ya taulo, na kupigwa pasi ikiwa bado na unyevu. Ukisubiri ikauke kabisa, mikunjo itakataa kunyooka.

Jikoni nilikwenda na kitabu cha Isabella Beeton kuhusu uendeshaji wa nyumba, kilichotoka kama juzuu moja mwaka 1861. Mwandishi huyo alifariki mwaka 1865 akiwa na umri wa miaka 28, na kwa hiyo yule bibi kizee mwenye hekima ambaye wasomaji wengi humwazia hakuwapo. Faida ya kitabu ni mpangilio: kila pishi lina viungo vyake na vipimo, muda wa kupika, gharama na msimu. Hasara yake ni mboga. Kinapotaka karoti kubwa zichemshwe kwa takriban saa 2, mimi humshukuru mwandishi na kuendelea na shughuli zangu. Vipimo vya kale navyo vinahitaji kugeuzwa: aunsi moja ni gramu 28 na painti ya Uingereza ni mililita 568, na karatasi yenye hesabu hizo nimeibandika ndani ya mlango wa kabati.

Pishi lililonishinda kwa mapenzi ni pudini iliyochemshwa ndani ya kitambaa, ambayo ilipendwa na familia zisizokuwa na jiko la kuokea. Mafuta yake ni yale magumu yanayozunguka figo za ng'ombe, na hapa Bradford muuza nyama wa halali hunipa kwa bei ya kutupa, akishangaa ninayapeleka wapi. Mafuta hayo hutolewa utando, yakakunwa yakiwa baridi kama barafu huku yakinyunyiziwa unga yasishikane. Kwa gramu 225 za unga ninatia gramu 110 za mafuta, kiasi kama hicho cha zabibu kavu, hamira ya unga (baking powder) vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, sukari, kungumanga iliyokunwa na mililita 150 hivi za maziwa, na kuufanya mchanganyiko uwe donge laini. Kitambaa cha pamba kinatumbukizwa katika maji yanayochemka, kinakamuliwa, kinatandazwa na kupakwa unga, na unga huo ukikutana na maji hugeuka ngozi nyembamba inayozuia maji kuingia. Donge linawekwa katikati, kitambaa kinafungwa kwa uzi huku nafasi ya kufura ikiachwa, na furushi linatiwa katika sufuria ya maji yanayotokota kwa saa 2. Maji yasiache kuchemka hata kidogo, na ya kuongezea yawe ya moto. Likitoka, linachovywa katika maji baridi kwa muda wa kuhesabu mpaka kumi, ili kitambaa kibanduke bila kuichuna pudini. Huliwa moto, na mimi huimwagia asali ya miwa pamoja na tui zito, ingawa tui hilo hakuna mwanamke wa Bradford ya 1895 ambaye angelitambua.

Mapishi mengine yalikuwa mepesi. Keki iliyopewa jina la malkia mwenyewe haina hesabu ngumu: mayai yanapimwa na maganda yake, na siagi, sukari na unga vinakuwa na uzito uleule. Iliwezekana kwa sababu Alfred Bird wa Birmingham alikuwa ametengeneza hamira ya unga mwaka 1843, kwa ajili ya mkewe ambaye mwili wake ulikataa hamira ya kawaida. Wali wa asubuhi wenye samaki wa moshi, mayai ya kuchemsha na bizari, ambao Waingereza waliuchukua India, mume wangu aliukubali siku ya kwanza bila maswali. Nikifungua kopo la karafuu kwa ajili ya keki za viungo, hunijia kwamba sehemu kubwa ya karafuu za dunia katika nusu ya pili ya karne ile ilitoka Unguja na Pemba, zikachumwa kwa mikono ya watumwa. Kitabu cha mapishi huandika “karafuu” na bei yake tu.

Jioni ni za kufuma. Wazee wetu wa Tanga walijaza sebule vitambaa vya makochi, na nilipoanza kusoma nikakuta kwamba vitambaa vya namna hiyo vilienea Uingereza kwa sababu wanaume walijipaka mafuta ya nywele yaliyoitwa ya Macassar, na wake zao wakachoka kusugua madoa migongoni mwa viti. Kwa hiyo sikuhitaji mwalimu. Nilichukua uzi mwembamba wa pamba na sindano ya kroshia, nikafuata mchoro wa zamani wa mawaridi ya Kiairishi, ufumaji ambao ulienea Ireland wakati wa njaa kuu ya miaka ya 1840 kama njia ya familia kujipatia riziki. Waridi moja huanza na duara la mishono michache, petali za safu ya pili zikafumwa nyuma ya zile za kwanza, na ndiyo maana ua huinuka badala ya kulala bapa.

Yapo niliyoyakataa moja kwa moja. Maua ya bandia ya kijani ya miaka ya 1860 yalipakwa rangi yenye aseniki, na msichana Matilda Scheurer, aliyekuwa akiyatengeneza London, alifariki kwa sumu hiyo mwaka 1861. Vitu vya kale vya rangi hiyo sivigusi wala sivileti nyumbani. Sinunui pia sindano za kroshia, vifungo wala feni za pembe za ndovu. Tembo wengi waliouawa kwa ajili ya mapambo hayo walitoka bara letu, pembe zikabebwa mabegani hadi pwani, na sheria ya Uingereza iliyoanza kutumika mwaka 2022 imezuia karibu biashara yote ya pembe. Vifungo vyangu ni vya chaza.

Gharama kubwa ilikuwa sufu ya sketi; vilivyobaki vilitoka katika maduka ya vitu vilivyotumika na masalio ya vitambaa. Sketi yenyewe haifuliwi. Matope huachwa yakauke, yakasuguliwa kwa brashi ngumu kufuata mwelekeo wa kitambaa, kisha sketi hutundikwa dirishani ipate hewa. Sasa nimekata koti fupi la kuvalia juu yake, na mikono yake iliyojaa mabegani inadai bitana nyingi kuliko nilivyonunua, kwa hiyo Jumamosi nitarudi dukani.