Jinsi Semina ya Idara ya Hisabati Ilivyopata Wanafunzi

Nilipokabidhiwa uratibu wa semina ya idara ya hisabati katika chuo kikuu cha umma ninakofundisha hapa Tanzania, semina hiyo ilikuwa ikionekana kwenye ratiba kuliko ilivyoonekana chumbani. Kila wiki mhadhiri mmoja alipaswa kueleza utafiti wake mbele ya wenzake na wanafunzi, lakini waliofika walikuwa wanafunzi wachache wa shahada ya uzamili, ambao mahudhurio yao yalikuwa yakiandikwa, pamoja na wahadhiri wawili watatu waliokaa mstari wa mbele na kujibizana wao kwa wao. Wanafunzi wa shahada ya kwanza, ambao ndio wengi idarani, hawakujua hata chumba kinachotumika. Naandika jinsi hali hiyo ilivyobadilika kwa ajili ya walimu wa vyuo vingine wanaotaka semina hai na wanaodhani kwamba kinachowakwamisha ni fedha.

Kabla ya kubadili chochote nilizungumza na wawakilishi wa madarasa, mmoja mmoja, nikawaomba waniambie bila kunionea haya kwa nini wenzao hawaji. Majibu yao yalikuwa mawili. La kwanza nililitarajia: mada zilikuwa nzito mno, na mwanafunzi wa mwaka wa pili alipotea mara tu baada ya kusomwa kichwa cha mada. La pili ndilo lililonifikirisha zaidi. Walisema kwamba hata pale wanapoelewa kiasi, hawawezi kuinua mkono mbele ya maprofesa. Kijana aliyelelewa kuwaamkia wakubwa zake na kunyamaza wanapozungumza hawezi kugeuka ghafla ndani ya chumba kimoja na kumwambia Profesa kwamba hatua ya tatu ya uthibitisho wake haijamwingia akilini. Adabu hiyo ni njema na sikuwa na nia ya kuivunja. Nilitaka utaratibu ambao adabu yenyewe ingemtaka mwanafunzi aulize.

Hapo ndipo ilipozaliwa kanuni ambayo mpaka leo naiona kuwa muhimu kuliko mengine yote tuliyofanya: swali la kwanza katika kila kikao ni la mwanafunzi wa shahada ya kwanza, na hakuna mtu mwingine anayeruhusiwa kuzungumza kabla halijaulizwa. Niliipeleka kanuni hiyo kwenye kikao cha idara, mkuu wa idara akaiunga mkono, na uenyekiti wa semina ukakabidhiwa kwa wanafunzi kwa zamu. Majuma ya mwanzo chumba kilikaa kimya kirefu baada ya wasilisho, na mara moja mwenyekiti, binti wa mwaka wa tatu, alilazimika kumwambia mhadhiri mwandamizi aliyekwishaanza kuzungumza, "Samahani Profesa, bado tunasubiri swali la kwanza." Profesa aliketi na kusubiri. Naamini kitendo hicho cha mzee yule kukubali kusubiri kilifanya kazi kubwa kuliko matangazo yote niliyobandika, kwa sababu kila mwanafunzi aliyekuwemo aliona kwamba kanuni ile inamhusu kila mtu. Baada ya muda ukimya ulipungua, kisha mikono ikaanza kuinuliwa kwa kushindana.

Tulihama pia kutoka ukumbi wa mihadhara, ambao viti vyake vimefungwa sakafuni, tukaenda chumba kidogo ambacho viti vyake vinahamishika, vikapangwa nusu duara ili pasiwepo mstari wa mbele wa wakubwa na wa nyuma wa wadogo. Mwasilishaji hutumia ubao na chaki. Projekta hutumika tu pale penye michoro isiyochoreka kwa mkono, kwa kuwa hoja ya hisabati inayoandikwa taratibu ubaoni humpa msikilizaji nafasi ya kufikiri sambamba na mwandishi, ilhali slaidi humpita kabla hajamaliza kusoma. Kuhusu lugha, masomo yetu hufundishwa kwa Kiingereza kama ilivyo kwa kawaida katika sekondari na vyuo vikuu nchini, lakini mjadala wa semina tuliuachia uende kwa Kiswahili kila mtu apendapo, na wengi hupenda.

Wahadhiri niliwaomba jambo moja tu: katika dakika 40 za wasilisho, 20 za mwanzo zieleweke kwa mwanafunzi aliyemaliza kozi za kalkulasi na aljebra za mwaka wa kwanza. Wapo walioona kwamba hilo litashusha hadhi ya semina. Sikubishana nao, nilimwomba mwenzetu anayetafiti maambukizi ya magonjwa kwa milinganyo awe wa kwanza kujaribu. Alitumia nusu ya kwanza kumweleza Ronald Ross, daktari aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1902 kwa kazi yake juu ya malaria, ambaye baadaye alionesha kwa hisabati kwamba ili malaria ikome katika eneo si lazima kumaliza mbu wote, bali inatosha kupunguza idadi yao chini ya kiwango fulani. Aliwajengea wanafunzi mlinganyo huo kipengele kwa kipengele: mbu wangapi kwa kila mtu, mbu huuma mara ngapi kwa siku, huishi muda gani. Wote waliokuwemo wamewahi kuugua malaria au kumuuguza mtu wa nyumbani, na hivyo kila herufi iliyoandikwa ubaoni ilikuwa na maana kwao. Alipofika kwenye utafiti wake mwenyewe katika nusu ya pili, wanafunzi walikuwa bado naye. Mashaka ya hadhi hayakutajwa tena.

Wawasilishaji wanafunzi walihitaji malezi zaidi. Kila mmoja hupangiwa mhadhiri wa kumsikiliza akifanya mazoezi siku mbili au tatu kabla, na kazi ya mhadhiri huyo ni kumsaidia kupunguza, maana kosa la kila mwasilishaji mpya ni kutaka kusema yote anayoyajua. Mada huchagua wenyewe. Wapo waliozungumzia madaraja 7 ya mji wa Königsberg na jinsi mwanahisabati Euler alivyothibitisha kwamba hayawezi kupitwa yote mara moja moja tu, wapo waliozungumzia namba tasa, na yupo aliyetueleza michoro ya mchangani ya Wachokwe wa Angola, iliyotafitiwa sana na Paulus Gerdes, mwanahisabati wa Msumbiji aliyefariki mwaka 2014.

Lakini wasilisho ambalo naweza kusema liliigeuza semina lilikuwa la mwanafunzi wa mwaka wa pili aliyekulia Tanga, ambaye alikuja na bao. Alianza kwa kuhesabu. Bao la Kiswahili lina mistari 4 yenye mashimo 8 kila mmoja, jumla mashimo 32, na kete 64. Akauliza kete hizo zinaweza kukaa ndani ya mashimo hayo kwa namna ngapi, akaonesha kwamba hesabu hiyo ni sawa na kuchagua vitu 31 kati ya 95, na jibu lake ni namba inayokaribia 1 ikifuatwa na sifuri 25. Mhadhiri wa aljebra alikumbusha kwamba mipangilio mingi kati ya hiyo haiwezi kutokea mchezoni kwa sababu ya sheria za uchezaji, kwa hiyo namba ile ni kikomo cha juu tu. Kijana alikubali mara moja, kisha akaendelea na swali lililomleta hasa.

Katika kutakata, mchezaji huchota kete zote za shimo moja na kuzigawa moja moja katika mashimo yanayofuata upande wake. Kete ya mwisho ikiangukia shimo lenye kete, huchota zote zilizomo na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, hulala, yaani mwendo wake unaishia hapo. Tukiweka kando sheria za nyumba, lile shimo maalumu la bao, na tukisahau kwa muda habari ya kula kete za mpinzani, je, mwendo wa namna hiyo lazima ulale? Alijibu nusu ya swali. Mipangilio ya kete ni mingi lakini ina mwisho, na kila hatua inaamuliwa kikamilifu na iliyotangulia. Kwa hiyo mwendo ama utalala, ama utarudia hali iliyokwishapita, na ukirudia hautalala kamwe. Kama kuna mwendo usiolala kwa kweli, hakujua.

Swali la kwanza, kwa mujibu wa kanuni yetu, liliulizwa na binti wa mwaka wa kwanza: kwa nini tusianze na bao la mashimo machache kuliko yote? Hakuna aliyekuwa na jibu siku hiyo. Juma lililofuata binti huyo aliomba dakika chache kabla ya mada ya siku, akachora ubaoni mashimo 2 tu, moja likiwa na kete 3 na la pili kete 1. Chota zile 3: moja inaingia shimo la pili, moja inarudi la kwanza, na ya tatu inaingia la pili, ambalo sasa lina kete 3 huku la kwanza likibaki na 1. Kete ya mwisho imekuta wenzake, kwa hiyo unachota 3 na kuendelea, na hali ni ileile ila mashimo yamebadilishana nafasi. Mwendo haulali milele. Aliongeza kwamba mtu akianza na shimo lenye kete 1 badala ya lile lenye 3, mwendo unalala, na kwamba amejaribu mipangilio yote yenye kete chache kuliko 4 na yote inalala.

Palepale mhadhiri wa aljebra alisimama, akaomba chaki, akaonesha kwamba mfano ule una ndugu wengi: kwa namba nzima yoyote k kuanzia 1, weka kete 2k + 1 katika shimo moja na k katika jingine, uanze na lile lenye nyingi, nao mwendo hautalala. Yaani 5 na 2, 7 na 3, na kuendelea bila kikomo. Uthibitisho ni wa mistari miwili, na wanafunzi waliukamilisha kabla hajamaliza kuandika. Nilifurahi sana siku ile, kwa kuwa niliona kwa macho yangu kile nilichokuwa nakitafuta: mwanafunzi wa mwaka wa kwanza amefungua mlango, profesa amepita katika mlango uleule, na wengine wote wamewafuata.

Kutokana na kikao hicho tulianzisha daftari la semina. Kila swali linalobaki bila jibu huandikwa humo pamoja na tarehe na mada iliyolizaa, na daftari hukaa ofisi ya idara ambako mtu yeyote anaweza kuliomba. Nawashauri wenzangu wasilidharau jambo hili dogo. Wanafunzi wa mwaka wa tatu wanaotafuta mada za miradi yao, ambao zamani walikuwa wakirithishana mada zilezile, sasa hulipekua kwanza, na wahadhiri wanaosimamia miradi hiyo hufurahia kusimamia swali ambalo hata wao hawana jibu lake. Swali la kama mwendo usiolala upo pia katika bao la mashimo 3 liliandikwa humo, na mwanafunzi mmoja amelichukua kuwa mradi wake, akiandika programu fupi ya kompyuta ya kukagua mipangilio yenye kete chache kabla ya kutafuta uthibitisho.

Semina pia ndiyo iliyotuwezesha kuadhimisha tarehe 14 Machi, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 2019 kuwa Siku ya Kimataifa ya Hisabati. Tuliwaalika wanafunzi wa sekondari za jirani, na waliowaongoza walikuwa wanafunzi wetu wanaosomea ualimu wa hisabati. Zoezi lililopendwa kuliko yote halikuhitaji zaidi ya karatasi za manila na njiti za meno. Huchorwa mistari sambamba iliyoachana kwa umbali sawa na urefu wa njiti, kisha njiti hurushwa ovyo. Buffon, Mfaransa wa karne ya 18, alionesha kwamba uwezekano wa njiti kukata mstari ni 2 gawanya kwa pai, takriban 0.64, kwa hiyo ukichukua mara mbili ya idadi ya njiti zilizorushwa, ukaigawa kwa idadi ya zilizokata mstari, unapata makadirio ya pai. Makadirio hayo husogea polepole mno, kwani ili kupunguza kosa mara 10 unahitaji kurusha takriban mara 100 zaidi, na hilo lenyewe lilikuwa somo zuri la takwimu kwa vijana waliodhani wamekosea kuhesabu.

Kuhusu muda na gharama nitasema kwa ufupi. Saa kumi jioni siku ya Jumatano ilipatikana baada ya kuzipitia ratiba za miaka yote mitatu pamoja na mwandaaji ratiba wa kitivo, na tuliiepuka Ijumaa kwa sababu ya swala na ya wanaosafiri kwenda makwao. Chai na maandazi hugharimiwa na michango ya hiari ya wahadhiri, ambayo mwanafunzi mmoja huitunza na kuitolea hesabu kila mwisho wa mwezi. Semina husimama wiki mbili kabla ya mitihani na wakati wanafunzi wa ualimu wanapokwenda kwenye mazoezi ya kufundisha, na tunatangaza hivyo mapema, maana kikao kinachoahirishwa ghafla huwafukuza watu kuliko kile ambacho hakikupangwa.

Uratibu sasa nimeukabidhi kwa watu wawili, mhadhiri msaidizi mmoja na mwanafunzi wa mwaka wa pili, ili mwanafunzi huyo apokewe na mwingine kila mwaka na semina isitegemee juhudi za mtu mmoja. Mimi nimebaki na zamu yangu ya kuwasikiliza wawasilishaji wakifanya mazoezi, na aliye mbele yangu kwa sasa anaandaa mada juu ya mashimo 3.