Kabla ya kununua kibanda cha mbao Uingereza, uliza bei inaishia wapi

Wiki hii nimeletewa hesabu ya kibanda cha mbao ninachotaka kukisimamisha uani kiwe chumba changu cha kufanyia kazi, nayo imeniudhi sana. Bei iliyotangazwa ni ya kuta, mlango na dirisha tu. Sakafu, mabamba ya kuzuia baridi, dawa ya mbao na ufundi vimeorodheshwa kando, na msingi haumo kabisa. Kwetu Tabora seremala akikutajia bei ya kabati, bawaba zimo. Huku uliza kila kitu kwa maandishi, pamoja na kama kodi ya ongezeko la thamani, ambayo ni asilimia 20, imeshajumlishwa.

Kuhusu mbao zenyewe, sisi tuliolelewa karibu na miombo ya Urambo na Sikonge tumezoea mninga, ambao moyo wake mchwa hauwezi kirahisi. Vibanda vya huku vingi ni vya mbao laini za jamii ya msonobari kutoka kaskazini mwa Ulaya, na zisipopakwa dawa mapema, kisha zikarudiwa kila baada ya miaka michache, huoza kuanzia chini. Ukuta wa milimita 19 unafaa kwa majembe na baiskeli. Anayetaka kukaa humo wakati wa baridi asikubali chini ya milimita 44, tena na vioo vya tabaka mbili, na sakafu na paa vilivyowekewa kinga ya baridi.

Mbao hizo huvimba kwa unyevu wa majira ya baridi na kusinyaa wakati wa joto, hivyo ukuta mzima hupanda na kushuka. Ndiyo maana fundi mzuri huacha nafasi juu ya fremu za mlango na dirisha, na hapigilii kabati ukutani juu na chini kwa pamoja, maana mbao zikizuiwa kusogea hupasuka au huachana. Msingi nao uwe umenyooka kwa pima maji, la sivyo milango itagoma kufunga, na mbao ya chini kabisa isiguse udongo.

Sheria isipuuzwe. Kwa England, kibanda kilicho ndani ya mita 2 kutoka mpaka wa jirani hakipaswi kuzidi mita 2.5 kwenda juu bila kibali, wala hakiwekwi mbele ya nyumba. Nawasihi hasa wenzangu wanaofikiria kumlaza ndugu humo au kupangisha: makazi yana masharti mengine kabisa ya vibali na usalama wa moto. Aliyepanga nyumba aanze kwa mwenye nyumba.

Nanyi wadogo zangu mnaojifunza useremala Tabora na mnatamani kuja, jifunzeni kusoma michoro ya vipimo vya milimita, kwa sababu katika hesabu niliyoletewa, malipo ya mafundi wa kusimamisha kibanda yanakaribia bei ya mbao zote.